Namba Mbili Zisizo na Maelezo

Ndani ya Git kuna amri inayoitwa blame, yaani lawama. Ukiielekeza kwenye faili, kila mstari unapata jina la mtu aliyeuandika mara ya mwisho na tarehe aliyouandika. Subversion, mfumo uliotumika sana kabla ya Git kuenea, uliruhusu amri hiyohiyo iitwe pia praise, yaani sifa. Majibu yalikuwa yaleyale. Mtumiaji alichagua tu anakwenda kumtafuta mtu kwa nia gani. Linus Torvalds alipoanzisha Git mwezi Aprili 2005, hilo jina la sifa halikuja nayo.

Niliwaza sana jambo hilo mwaka 2024, nilipoombwa kukagua hifadhi ya msimbo ya kikoba kimoja cha hapa Igogo. Walioniita walikuwa na lawama tayari. Walichokosa ni mstari wa kuibandika.

Igogo ina pande mbili. Chini kuna ziwa, barabara na viwanda. Juu kuna mawe, na nyumba zimeshikilia mawe hayo kana kwamba zilipanda zenyewe usiku. Kikoba hiki kilizaliwa upande wa chini, kwa akina mama waliokuwa wakinunua dagaa kutoka kwenye boti za visiwani na kuwapeleka mwalo wa Kirumba. Baadaye wakaingia wengine: muuza mitumba wa Mlango Mmoja, mama ntilie, fundi cherehani, vijana wawili wa miamala ya simu. Mwaka 2017 mhazini wao alimpata kijana aliyekuwa anasoma chuo, akawaandikia programu ndogo ya kutunza hisa, mikopo, marejesho na faini. Kijana alimaliza chuo, akapata kazi mkoa mwingine, akaondoka. Programu ikaendelea kufanya kazi bila mtu wa kuifungua ndani.

Malalamiko yalikuwa haya. Muuza mitumba alichelewesha rejesho siku mbili, akapigwa faini ya shilingi 2,000. Jirani yake kwenye benchi la mkutano alichelewesha siku nne, hakupigwa kitu. Wakaanza kulinganisha simu zao. Wakagundua kwamba kuna watu wanapigwa faini na kuna watu faini zao zinayeyuka, tena si kwa tarehe maalumu: mara tarehe 10, mara tarehe 28. Wengi waliosamehewa walikuwa wanachama wa zamani, marafiki wa mhazini. Neno lililosemwa chini kwa chini lilikuwa moja: mama anafuta.

Mwenyekiti akanipa laptopu ya kikundi na ruhusa ya kuingia kila mahali. “Safisha,” akasema, “halafu utuambie nani.”

Kazi hizo ni mbili, na zinagombana. Anayesafisha anatoa vitu. Anayekagua anataka kila kitu kibaki palipo mpaka kijulikane kilifikaje. Kwa hiyo siku mbili za kwanza sikugusa hata nukta. Nilitengeneza nakala kamili ya hifadhi yote, pamoja na historia yake, nikaiweka kwenye flashi mbili mpya. Moja nilimkabidhi mwenyekiti, nyingine muuza mitumba mwenyewe, kila moja kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi na watu watatu. Juu ya bahasha niliandika ile alama ya herufi na tarakimu 40 ambayo Git huipa kila hatua iliyohifadhiwa. Alama hiyo hutokana na yaliyomo pamoja na alama ya hatua iliyotangulia. Mtu akibadilisha mstari mmoja wa mwaka 2017, alama zote zinazofuata zinabadilika, mpaka ya leo.

Kisha nikaanza kusoma. Uchafu ulikuwepo wa kutosha. Kulikuwa na faili linaloitwa ripoti_mpya, lingine ripoti_mpya2, na lingine ripoti_mpya_hii_ndiyo. Kulikuwa na matawi manne yaliyoachwa njiani. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kutuma ujumbe wa simu kupitia huduma ambayo kikundi hakikuwa kinailipia tena. Maktaba zilizoazimwa kutoka nje hazikuwa zimesasishwa tangu 2018, na tangu Desemba 2021, udhaifu wa Log4j ulipowanyima usingizi walinzi wa mifumo dunia nzima, hakuna mkaguzi anayeweza kusema maktaba ni jambo la baadaye.

Msimbo uliokufa haupaswi kuonewa huruma. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza kutumia programu mpya ya biashara ya hisa kwenye seva zake nane, lakini moja ilikuwa imeachwa na programu ya zamani. Ndani yake kulikuwa na msimbo ambao haukuwa umetumika kwa miaka mingi na ambao hakuna aliyeufuta. Swichi iliyokusudiwa kuwasha kazi mpya ndiyo ileile iliyowahi kuwasha hiyo ya zamani. Katika muda wa dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kwa hiyo ninapokuta kitu kisichoitwa na yeyote, nakitoa. Historia ya Git itakitunza kama kuna atakayekihitaji.

Lakini siku ya tatu nilikuta kitu kilichokuwa kinaitwa kila usiku, na sikukielewa.

Kilikuwa kipande cha mistari kumi na moja, jina lake ruka. Kabla ya programu kuandika faini, ilimpitisha mwanachama kwenye ruka. Kama mwanachama alikuwa na alama D mbele ya jina lake, ruka ilichukua tarehe ya leo, ikatoa namba 947182440, ikagawanya kwa 29.530588853 iliyogeuzwa kuwa sekunde, ikaangalia baki. Baki likiwa kati ya siku 11 na 19, faini haikuandikwa. Hapakuwa na maelezo hata neno moja. Nikahesabu: tangu 2017 faini 212 zilikuwa zimerukwa kwa njia hiyo. Na wenye alama D walikuwa walewale wanachama wa zamani.

Ukimwonyesha mistari hiyo mkaguzi mwenye haraka, ataandika neno moja: udanganyifu. Namba zisizo na maelezo, orodha ya watu maalumu, fedha zisizoingia. Nami ningeweza kuishia hapo. Mwenyekiti alikuwa ameshanipigia mara mbili kuuliza kama “tumempata”.

Namba ndefu ya kwanza haikunisumbua sana. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 947182440 zinakufikisha tarehe 6 Januari 2000, saa tatu na dakika 14 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Lakini kikoba hakikuwepo mwaka 2000. Mwandishi wa msimbo alikuwa mtoto. Nani aliyeanza kuhesabu deni usiku huo?

Nilikuwa nimekaa kibarazani, bando limekaribia kuisha, nikawauliza waliokuwa wakicheza drafti: Januari 2000, mwanzoni kabisa, kulikuwa na nini? Mzee mmoja akajibu bila kuinua macho kwenye ubao: “Idi. Idi ya mwaka elfu mbili ilikuja wiki ya kwanza ya Januari, nilikuwa nimenunua kanzu.” Niliangalia. Idi el-Fitri mwaka huo iliangukia tarehe 8. Idi hufuata mwandamo. Siku mbili kabla ya Idi, basi, ni usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, unaanza upya. Na siku 29.53 ni urefu wa wastani wa safari ya mwezi mmoja wa angani, kutoka giza hadi giza.

Hapo ruka ikasomeka yote. Ilikuwa inauliza mwezi una umri wa siku ngapi. Siku 11 hadi 19 ni siku za kuuzunguka mwezi mpevu. Na D ilikuwa dagaa.

Msomaji aliyekulia mbali na ziwa huenda anahitaji kuelezwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Taa huwekwa juu ya maji, dagaa huifuata, wavu hupita chini yao. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi; ziwa zima limekuwa na taa moja kubwa kuliko zote, na dagaa wametawanyika. Wavuvi hupumzika, hushona nyavu, husubiri giza lirudi. Boti haziji. Mama anayenunua dagaa hana cha kununua, hana cha kuanika, hana cha kuuza. Ukimdai rejesho siku hizo unamdai fedha ambayo bado inaogelea.

Na hapo ndipo lugha yetu yenyewe ilipowachanganya wanachama. Tunasema mkopo unarejeshwa kila mwezi, na tunasema boti hazitoki wakati wa mwezi, kwa neno lilelile. Lakini mwezi wa kalenda na mwezi wa angani havitembei pamoja. Miezi 12 ya angani ni siku kama 354, pungufu ya mwaka wa kalenda kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana msamaha ulionekana unarukaruka, leo tarehe 10, kesho kutwa tarehe 28, kama mkono wa mtu anayefuta kwa upendeleo.

Kujua maana ya kanuni si kujua ni nani aliyeiweka na lini. Mtu angeweza kuiingiza mwaka jana kwa ajili ya marafiki. Nikarudi kwenye ile amri ya lawama. Mistari yote kumi na moja ilikuwa ya kijana yule, ya wiki ya pili ya mradi, mwaka 2017, na ujumbe wake ulikuwa: “ruka, kama daftari la kijani.” Hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Nikatafuta pia upande wa pili: faini zilizofutwa moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupitia ruka. Hakukuwa na hata moja.

Hata hivyo tarehe za Git si ushahidi wa mwisho. Zinatoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyeandika, na saa ya kompyuta hurudishwa nyuma kwa vidole viwili. Ile alama ya tarakimu 40 inathibitisha kwamba yaliyomo hayajabadilika tangu alama ilipotolewa. Haithibitishi kwamba siku hiyo ilikuwa kweli siku hiyo. Nilihitaji shahidi ambaye hakai ndani ya kompyuta. Basi nikaomba wanachama walete taarifa za zamani za mikopo, zile zilizochapwa na kugawiwa wakati programu ilikuwa mpya na kila mtu aliipenda.

Zilikuja tatu, moja ikiwa imefungia sindano. Nzuri kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa dagaa: rejesho lilipaswa kulipwa tarehe 29 Januari 2018, lililipwa tarehe 2 Februari, faini sifuri. Usiku wa tarehe 31 Januari 2018 mwezi ulikuwa mpevu. Karatasi ile ilikuwa na miaka sita, imepauka kwenye mikunjo, na hakuna aliyeweza kuipandikiza.

Kabla sijasafisha chochote lilibaki tatizo lingine, na hili lilikuwa kubwa kuliko faini. Katika hatua za mwanzo kabisa za historia lilikuwepo faili lenye nenosiri la hifadhidata, na lingine lenye majina ya wanachama wote, namba zao za simu na namba zao za NIDA. Yote mawili yalishafutwa 2017. Lakini kufuta faili kwenye Git ni kama kuhamisha kitanda kutoka chumbani kwenda stoo: hakipo machoni, kimo nyumbani. Yeyote aliyepata nakala ya hifadhi angeweza kurudi nyuma hatua chache na kukisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haina kipengele cha kusema tulisahau.

Kuliondoa kabisa kunawezekana. Kuna zana, git filter-repo, inayoandika upya historia yote kana kwamba faili halikuwahi kuwepo. Lakini ikiandika upya, alama zote zinabadilika, na ushahidi kwamba kanuni iliwekwa 2017 unakuwa historia niliyoiandika mimi. Ningekuwa nimelinda namba za akina mama kwa kuharibu kitu pekee kilichoweza kumlinda mama mmoja.

Kwa hiyo mpangilio ukawa muhimu. Kwanza nilibadilisha nenosiri, kwa sababu nenosiri lililowahi kuonekana limeshaonekana, hata historia ikioshwa mara saba. Pili, nilisubiri wanachama waamue kuhusu ruka wakiwa na historia ya asili mezani. Tatu ndiyo ningesafisha, na zile bahasha mbili zingehamia kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, pamoja na fedha, kwa kuwa sasa nazo zilikuwa na thamani ya kuibiwa.

Kabla ya mkutano nilipanda kwa mhazini. Kwake unafika kwa ngazi za mawe, zile ambazo mgeni hupumzika mara mbili na wenyeji hupanda na ndoo kichwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wamekutuma kuja kunifunga?”

“Nimekuja kuuliza daftari la kijani.”

Akaniangalia kwa muda. Akaingia ndani, akatoka na daftari la kaunta lenye jalada la kijani lililochakaa kingo. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa kalamu, ulikuwa na kanuni za kikundi kabla ya programu yoyote. Ya sita ilisema: hakuna faini siku za mbalamwezi kwa wa dagaa. Chini yake sahihi kumi na nne, na alama nne za dole gumba.

“Hili kila mtu alilijua,” akasema.

“Mama, walilijua hao kumi na nane.”

Hakujibu. Alifungua ukurasa mwingine, akaanza kuhesabu kwa kidole wanachama waliojiunga baadaye. Alipofika ishirini na mbili aliacha. Hakuna aliyewahi kuwasomea ukurasa wa tatu. Zamani daftari lilikuwa linapitishwa mkono kwa mkono kwenye mkutano. Programu ilipokuja, daftari likaenda kabatini. Kanuni iliyokuwa mbele ya macho ya watu ikawa namba mbili ambazo ni mashine tu iliyozisoma.

Nilimuuliza kwa nini hakusema hayo pale maneno yalipoanza. Akasema: “Mtu akishakuita mwizi, unamwambia habari za mwezi?”

Mkutano ulikuwa Jumamosi jioni. Nilisoma ripoti yangu kwa Kiswahili cha kawaida, nikapitisha daftari, nikapitisha ile taarifa ya 2018. Sikusema nani ana makosa. Nilisema faini 212 zilirukwa kwa kanuni iliyosainiwa, na kwamba hakuna hata moja iliyofutwa kwa mkono. Kukawa kimya, kisha muuza mitumba akasimama. Nilidhani ataomba radhi. Hakuomba, na nadhani alikuwa sahihi.

“Sawa,” akasema, “mama hakufuta. Lakini mimi mbalamwezi yangu ni Januari. Watu wamelipa ada za shule, hakuna anayenunua nguo. Mimi nani alinisainia?”

Walibishana hadi giza likaingia. Mama ntilie alitaka msamaha ufutwe kwa wote. Akina mama wa dagaa wakasema basi na faida waliyoweka miaka ya mwanzo irudishwe. Fundi cherehani akauliza kama kompyuta inaweza kujua ni nani hakika ana dagaa na ni nani ameacha na bado ana D. Ilibidi niseme haiwezi, hiyo wataiangalia wenyewe kila mwaka. Mwishowe waliafikiana: siku za mbalamwezi zibaki kwa wa dagaa, zipunguzwe kutoka nane hadi sita, na kila mwanachama mwingine achague wiki moja kwa mwaka ya kutopigwa faini, aitangaze mapema mbele ya wote. Kanuni ikaandikwa kwenye daftari la kijani. Safari hii ilisainiwa na arobaini.

Jumapili nikasafisha. Niliondoa faili za ripoti zilizorudufiwa, matawi manne, ukurasa wa ujumbe wa simu. Nilisasisha maktaba, nikaandika majaribio, likiwemo moja linalohakikisha kwamba tarehe 31 Januari 2018 inahesabiwa kuwa ya mbalamwezi. Niliendesha filter-repo, nikahakikisha hakuna namba ya NIDA iliyobaki popote, nikafuta nakala za zamani zilizokuwa kwenye laptopu.

Kipande cha ruka sikukifuta. Nilikipa jina msamahaWaMbalamwezi. Ile namba ya sekunde nikaiita mwandamoWaKuanzia, ile ya siku 29.53 nikaiita urefuWaMwezi, na juu yake nikaandika mistari minne: dagaa huvuliwa gizani, kanuni imo daftari la kijani, ukurasa wa tatu na wa arobaini na moja, hesabu hii ni ya wastani na inaweza kukosea kwa saa kadhaa, usiibadilishe bila mkutano.

Wiki iliyofuata mhazini alinitumia ujumbe. Hakuzungumzia ripoti. Alitaka nichape orodha ya siku za mbalamwezi za mwaka mzima, kwa maandishi makubwa, wabandike ukutani pale wanapokutania. Muuza mitumba, akaongeza, ndiye aliyejitolea kununua gundi.